Barua kwa mwanangu: toti kwanza, kokteli baadaye

Marahaba, mwanangu Neema.

Umeniuliza kama utafute ada ya chuo kwanza ndipo uombe kazi ya kaunta, au uingie baa ujifunzie humo humo. Ingia baa. Chuo utakihitaji siku utakapotaka hoteli za kitalii, Zanzibar au Arusha, ambako cheti kinaulizwa mapema. Hapo Dar kuna Chuo cha Taifa cha Utalii, na VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana chuo chao cha hoteli na utalii Njiro, Arusha. Ukienda ukiwa umeshashika chupa, masomo yatakuingia haraka.

Lakini usiombe kaunta siku ya kwanza. Omba usaidizi: kubeba kreti, kupanga friji, kuosha glasi, kukata ndimu. Bia mpya zinaingia nyuma ya friji, za jana zinavutwa mbele. Ukigeuza, mteja aliyeagiza ya baridi ataletewa ya moto, na atakayesemwa ni kaunta. Glasi za bia zisiogeshwe beseni moja na sahani za chipsi. Mafuta kidogo tu yanaua povu, halafu utasikia "hii bia imelala".

Sasa toti, yaani kipimo kimoja cha pombe kali, maana hapo ndipo mshahara unapopotelea. Chupa ya ml 750, ukipima toti ya ml 30, inatoa toti 25. Zidisha ml 5 kila mara, yaani kijiko kimoja cha chai, na chupa ileile itatoa 21. Toti nne zimekwenda, hakuna aliyeiba, na shoti, yaani fedha iliyopungua, ni yako. Kwa hiyo tumia kipimo hata kama wenzako wanamimina kwa macho. Kishike sawasawa juu ya glasi, jaza hadi ukingoni, mwaga chote. Kikiinama kidogo, umeshapunja au umeshazidisha.

Kumimina kwa kuhesabu kichwani jifunze nyumbani kwa maji. Chukua chupa tupu yenye mdomo wa kumiminia, hesabu kwa mwendo mmoja, kisha rudisha ulichomimina kwenye kipimo uone. Fanya mara ishirini. Ukikosa mbili, bado. Na ujue sirapu nzito inatoka polepole kuliko konyagi, kwa hiyo hesabu ya moja haifai kwa nyingine.

Kabla ya zamu, hesabu stoku pamoja na anayetoka, chupa kwa chupa, na iliyofunguliwa ipimwe kwa sehemu za kumi: saba ya kumi, tatu ya kumi. Ulichopokea, jumlisha kilichotoka stoo, toa kilichobaki: hicho ndicho kilichouzwa, na kizidishwe kwa bei kilingane na fedha taslimu, malipo ya simu na bili zilizosainiwa. Hesabu na chupa tupu pia, zina fedha yake. Atakayekwambia "ziko sawa dada, saini tu", mwambie asubiri. Ukishasaini, shoti yake imekuwa yako.

Malipo ya simu yathibitishe kwenye simu ya baa. Ujumbe ulio kwenye simu ya mteja si malipo. Bia ifunguliwe mbele ya aliyeiagiza, na chupa tupu zibaki mezani hadi alipe kama baa yenu ina utaratibu huo. Zinamaliza ubishi wa "mimi nimekunywa tatu tu".

Kokteli, vile vinywaji vya kuchanganya, usizikimbilie. Anza na kokteli iitwayo dawa, ile inayohusishwa sana na mgahawa wa Carnivore wa Nairobi. Ndimu nusu, ikatwe vipande vinne, itiwe kwenye glasi na kijiko kimoja cha sukari. Iponde kwa mchi mdogo, taratibu, mpaka maji yatoke basi. Ukiisaga, uchungu wa ganda unatawala kinywaji chote. Weka vodka ml 60, jaza barafu iliyopondwa. Asali inazungushwa kwenye kijiti, kijiti kinasimamishwa ndani, mteja anakoroga mwenyewe. Usimimine asali juu ya barafu. Inaganda na kuzama, na mteja atakunywa ndimu kali mwanzo, utamu mtupu mwisho.

Vya kutikisa kwenye shaka, ile kopo yenye kifuniko ya kuchanganyia, sekunde kumi hadi kumi na tano zinatosha, kwa barafu ngumu iliyojaa. Barafu iliyokwisha kutoa maji inazimua kinywaji kabla hakijapoa. Soda wala bia isiingie humo, kifuniko kitaruka. Inaongezwa kwenye glasi, mwisho.

Ofa za vinywaji kutoka kwa wateja utapewa nyingi. Shukuru, omba soda, au omba ikae kwenye hesabu uchukue ukimaliza zamu. Kaunta aliyekunywa hahesabu vizuri, na wateja wengine wanajua hivyo kuliko bosi. Aliyelewa mpelekee maji bila kuulizwa, na kumkatalia kinywaji kingine mwite meneja, usibishane naye peke yako.

Ukiitwa usaili, nenda mchana saa za utulivu, na uwe umepima afya. Kabla ya kukubali uliza mambo matatu: shoti inakatwaje na nani anathibitisha, bakshishi inagawanywaje, na saa nane usiku unarudije nyumbani. Hilo la tatu wakijibu "utajua mwenyewe", piga hesabu ya bodaboda ya kila siku, uitoe kwenye mshahara, ndipo uniambie wanalipa ngapi.

Mama yako