Mtoto mwenye mpira kifuani akitetemeka, usisubiri kukuche

Mwanangu alianzia matibabu ya saratani ya damu India, tukarudi nyumbani na mpira mwembamba wa kupitishia dawa ukining'inia kifuani pake. Mpira huo hupita chini ya ngozi, ukaingia mshipa mkubwa wa shingoni, na ncha yake hukaa mlangoni mwa moyo. Nilimshonea kifuko ndani ya singlendi ili asiuvute akicheza.

Usiku mmoja nilisukuma maji ya chumvi kuusafisha, kama nilivyofundishwa. Haikupita nusu saa akaanza kutetemeka, meno yakigongana. Kipimajoto: 39.2. Jirani yangu, mama mtu mzima aliyelea watoto saba, akasema hiyo malaria tu. Nikampa panadol, akatoka jasho, akalala. Asubuhi aliamka mchangamfu, akaomba chai na chapati. Jioni nikasukuma maji tena; akatetemeka upya, na safari hii hata kusimama hakuweza.

Hospitalini walichukua damu mkononi na nyingine kwenye mpira, wakaiotesha maabara kuona kama ina vijidudu. Zote zilikuwa na bakteria. Daktari alinieleza kwamba vijidudu hujishikiza ndani ya mpira na kujifunika utando, na kila nilipouosha nilikuwa navisukuma moja kwa moja kwenye damu. Pale mpira unapotokea kifuani palikuwa pakavu, hapana usaha wala wekundu. Ndicho kilichonidanganya. Alichomwa antibiotiki siku 14, na mpira ukatolewa.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, nakuomba: joto likifika 38, au akitetemeka baada ya kusafishiwa mpira, ondokeni saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane za usiku. Malaria na ipimwe, lakini hukohuko hospitali. Panadol hushusha joto tu, vijidudu vinabaki vikiongezeka. Ukifika mapokezi, neno lako la kwanza liwe: "Ana mpira wa mshipa mkubwa, ana homa." Usikae foleni kimya.

Kinga kubwa iko mikononi mwako. Nawa kwa sabuni, sugua kifuniko cha mpira kwa spiriti sekunde 15, kisha uache kikauke chenyewe, usikipulize. Plasta ikilowa, ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Maji yakigoma kupita, usilazimishe. Na siku zote safisha kwa bomba la sindano la mililita 10, kwa sababu dogo husukuma kwa nguvu kubwa zaidi na laweza kuupasua mpira. Uso, shingo au mkono ukivimba, huenda damu imeganda mshipani. Hilo nalo ni la hospitali leo, si kesho.

Na mpira ukikatika, ubane haraka kwa kibano kati ya palipokatika na mwili wa mtoto, damu isitoke na hewa isiingie, kisha mkimbize. Baadaye mwanangu aliwekewa mpira mwingine. Kibano kimoja nimekifunga kwenye begi lake la shule, na kingine anacho mwalimu wake, kwenye droo ya meza.