Wasomaji Wanauliza: Miaka 55 Ndiyo Mwisho wa Kazi?

Mhariri, mimi ni mtunza stoo kiwandani hapa Jinja, mwaka wa 14 sasa. Nimetimiza miaka 55 na bosi anasema sheria inanitaka nistaafu kwa kuwa nimefika umri wa NSSF (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii). Ameleta karatasi nisaini, halafu eti atanirudisha kama kibarua. Nisaini?
*Mtunza stoo, Jinja*

Usisaini, mzee wetu. Miaka 55 ni umri wa kudai akiba yako yote NSSF. Haikutoi kazini. Waajiri huyachanganya mambo haya mawili, wengine kwa kutojua, wengine wanajua sana.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 haimpangii mfanyakazi wa kampuni binafsi umri wa kustaafu. Kama umri huo upo, umo katika mkataba wako, kanuni za wafanyakazi za kiwanda, au makubaliano na chama chenu. Omba nakala kwa maandishi na ubaki na nakala ya barua yako. Zikitaja 60, bosi hana pa kushika. Zikitaja 55, na ulizikubali ulipoajiriwa, hapo ana hoja. Zisipotaja kitu, akitaka kukuachisha lazima awe na sababu ya haki na akupe notisi. Kwa aliyetimiza miaka 10 kazini, notisi ni miezi 3, au alipwe fedha yake.

Isome hiyo karatasi neno kwa neno. Ikiwa imeandikwa “nimestaafu kwa hiari yangu”, ukishatia sahihi utapata taabu kudai kwamba ulifukuzwa. Na huko kurudi kama kibarua ndiko kunakofuta miaka yako 14: notisi inaanza kuhesabiwa upya. Isitoshe, kanuni za ajira za 2011 haziruhusu mtu kuwekwa kibarua zaidi ya miezi 4. Baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi.

Akikuachisha kwa nguvu, peleka malalamiko kwa afisa wa kazi ndani ya miezi 3. Wengi hukosea hapa: wanaandika “nimebaguliwa kwa sababu ya uzee” na kuishia hapo. Orodha ya ubaguzi uliokatazwa katika Sheria ya Ajira inataja jinsia, dini, rangi, ulemavu, hali ya VVU na mengine, lakini umri haumo. (Kasoro ya sheria hiyo, kwa maoni yetu.) Simamia hoja zenye mguu: hukupewa sababu ya haki, hukusikilizwa, hukupata notisi. Usipoteze slipi za mshahara.

Kabla ya yote, chukua taarifa ya akaunti yako NSSF uipitie mwezi kwa mwezi. Kwa mshahara wa shilingi 600,000 kabla ya makato, wewe unakatwa asilimia 5, yaani 30,000, na mwajiri anaongeza asilimia 10 kutoka mfukoni mwake, 60,000. Lazima uone 90,000 kila mwezi. Ukikuta slipi imekukata 90,000 zote, bosi amekubebesha mzigo wake.

Mimi ni mwalimu wa serikali, mwakani natimiza 60. Nitapata kiasi gani?
*Mwalimu, Arua*

Mwalimu, chukua miezi uliyotumikia, zidisha kwa mshahara wako wa mwisho uliojumlishwa kwa mwaka mzima, gawa kwa 500. Tuseme ulikuwa unalipwa 800,000 kwa mwezi na umetumikia miaka 30, yaani miezi 360. Mshahara wa mwaka ni 9,600,000. Pensheni ya mwaka inakuwa 6,912,000. Theluthi yake, 2,304,000, inazidishwa mara 15 kuwa kiinua mgongo: 34,560,000. Theluthi mbili zilizobaki zinakupa 384,000 kila mwezi.

Kinachokwamisha faili mara nyingi ni tarehe ya kuzaliwa. Uliyoandika ulipoajiriwa isipolingana na ya kitambulisho cha taifa, faili inasimama. Majina nayo yafuatane vilevile kila mahali. Anza miezi 6 kabla, ofisi ya utumishi ya wilaya, ukiwa na barua ya kuteuliwa, ya kuthibitishwa kazini, za kupandishwa cheo na slipi ya karibuni. Barua ya kuthibitishwa ndiyo hupotea sana, itafute leo.

Mama yangu ana miaka 72, hakuwahi kuajiriwa. Mbona hapati fedha za wazee?
*Msomaji, Kasese*

Mpango wa SAGE, ule wa serikali wa kuwalipa wazee, ulipoenezwa nchi nzima, umri wa kuingia uliwekwa 80, na malipo ni 25,000 kwa mwezi. Umri husomwa kutoka rekodi za NIRA, mamlaka inayotoa vitambulisho vya taifa, si kwa macho. Kama kitambulisho kimempunguzia miaka, omba marekebisho sasa, na upeleke cheti cha ubatizo au karatasi nyingine ya zamani yenye tarehe.