Intaneti ya nyumbani Goba na mitaa ambayo faiba haijaingia

Mkuu uliyeuliza uchukue mtandao gani huku Goba, Dar, wakati faiba (intaneti ya waya) imeishia barabara kubwa na huko ndani kwako hakuna kitu, mi nakaa huku huku bondeni so nakujibu kwa niliyoyaona. Waliokujibu kabla yangu wakitaja kampuni kila mmoja na yake wote wanasema kweli, ila ni kweli ya mtaa wao. Goba ni vilima na mabonde, aliyejenga juu mnara anauona kwa macho, wewe wa chini mita mia mbili tu kutoka kwake simu inasoma vijiti viwili na vyenyewe vinapepesuka.

Faiba usiikatie tamaa bado. Ukipiga simu kuuliza mmefika Goba watakujibu ndio, haikusaidii. Tembea mpaka nguzo ya mwisho yenye lile boksi lao, lipige picha na namba zake, halafu mtafute fundi, sio kijana wa mauzo, muulize poti (tundu la kuchomeka waya wa mteja) imebaki? Na mpaka kwangu ni mita ngapi? Maboksi mengi ni ya poti 8 au 16, zikijaa zimejaa hata kama waya unapita juu ya bati lako. Kwetu tulichanga majina majirani wa kichochoro kizima tukapeleka kwa pamoja, hapo ndo wakaona inalipa kuvuta waya, ikachukua miezi lakini ukaja.

Wakati unasubiri ni ruta ya 4G au 5G, na hapa ndo watu wanaliwa hela. Usinunue kabla hujapima kwako, tena usiku kuanzia saa mbili mpaka saa nne, mchana kila mtandao unakimbia. Laini siku hizi ni alama za vidole, kusajili ya kila kampuni kwa ajili ya majaribio tu ni usumbufu, we omba ndugu na majirani waje na simu zao wakuwashie hotspot. Simu nyingi za Android (Samsung nyingi zinagoma) ukibonyeza *#*#4636#*#* inakuja taarifa ya simu, tafuta RSRP, ndo nguvu ya signo inayokufikia. Ni namba hasi, ikiwa kwenye -80 na kitu hapo safi, ikishuka chini ya -110 sahau. Zunguka nayo kila dirisha, utashangaa sebuleni inasoma -112 na dirisha la chumbani -94, nyumba ile ile. 5G ndo haipendi kabisa ukuta wa tofali, ruta yangu nilikuwa nimeifunga kwenye nondo za dirisha linaloangalia mnara, mama watoto alilalamikia pazia lake mpaka akachoka.

Ila signo nzuri peke yake haitoshi, mnara ukiwa na watu wengi unazidiwa. Jirani yangu alichukua ruta ya kifurushi cha "bila kikomo" kwa kampuni moja sitaitaja, asubuhi inampa Mbps 40, taarifa ya habari ikianza YouTube inazunguka tu, akairudisha dukani anaambiwa "umevuka matumizi". Bila kikomo gani hiyo? Kwa hiyo uliza mapema, ni GB ngapi kabla hawajashusha spidi, na ikishuka inabaki ngapi. Uliza pia kama ruta inakubali laini ya kampuni nyingine, nyingi zimefungwa, ukihama inabaki pambo.

Kama una kamera za ulinzi, kwenye laini za simu mara nyingi IP (anwani yako ya intaneti) mnashea na wateja kibao, so kamera zile za kufungua poti kwenye ruta hazitaonekana ukiwa nje, chukua za app. Dishi la zile satelaiti zilizo juu kilomita karibu 36,000 mi singelipa, ping (muda wa data kwenda na kurudi) ni zaidi ya milisekunde 500, WhatsApp sawa ila kikao cha Zoom mtakatizana maneno.

Hata faiba ikifika bakiza bando kwenye simu kwa mtandao tofauti, magari makubwa yanakata waya za juu kila leo. Japo Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika tulilia wote, wa faiba na wa ruta. Na nunua ile UPS ndogo ya volti 12 (betri ya kuwasha ruta umeme ukikatika), umeme wa huku unaujua.

Pima usiku wa leo ulete hizo RSRP na uko upande gani, nitakwambia uweke ruta wapi.