Sekunde 45: Mazoezi ya Nchi Kavu kwa Anayecheza Hoki ya Barafuni

Niliingia barafuni na kiburi cha mbio. Shule ya upili nilikimbia mbio za nyika, na hata baada ya kuanza kazi kilomita 10 nilikuwa nazimaliza huku napiga soga. Kwa hiyo jamaa mmoja aliponiambia pale kwenye uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, Mombasa Road, Nairobi, kwamba zamu moja ya hoki ni kama sekunde 45 kisha unatoka kupumzika, nilicheka. Sekunde 45? Hata chai haijapoa.

Sekunde ya thelathini mapaja yalikuwa yanawaka. Ya arobaini nilikuwa nimeukumbatia ubao wa pembeni kama mlevi aliyefika kwenye geti la kwao. Nilipotoka, kijana wa miaka kumi na tano hivi, ambaye nina hakika hawezi kukimbia hata kilomita tatu, aliingia badala yangu akateleza kama samaki. Mapafu yangu hayakuwa na shida yoyote. Ni miguu iliyonisaliti, na ilinichukua karibu mwaka mzima kuelewa kwa nini.

Naandika haya kwa sababu kila baada ya muda mtu ananiuliza afanye mazoezi gani nje ya uwanja, na wengi wanaouliza wako nilikokuwa mimi: wanapata barafu saa moja kwa wiki, pengine chini ya hapo, na siku nyingine zote wanakimbia. Hapa kwetu Kenya suala hili si la ziada. Mtoto wa Kanada anaweza kuingia barafuni mara nne kwa wiki na mengine akayaongezea juu. Sisi tuna uwanja mmoja, uliofunguliwa 2005, mdogo kuliko ule wa kimataifa wenye urefu wa mita 60, na muda wake unalipiwa. Asilimia kubwa ya uchezaji wako itatengenezwa nchi kavu, upende usipende. Timu ya Ice Lions, ile ya Kenya ya hoki ya barafuni, ilianzia katika hali hiyohiyo. Wengi wao walitoka kwenye viatu vya magurudumu barabarani, na 2018 walipelekwa Kanada wakacheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wa NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la kimataifa la mchezo huu.

Turudi kwenye zile sekunde 45. Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20, lakini hakuna anayecheza dakika 60 isipokuwa kipa. Unaingia, unatumia nguvu zote, unatoka, unakaa dakika moja na nusu au mbili, unaingia tena. Mwili unaohitajika ni ule wa kuwaka, kuzima na kuwaka tena mara kumi na tano bila kufifia. Mbio ndefu za taratibu zinakusaidia kurudisha pumzi haraka ukiwa benchi, na kwa hilo sizidharau; mara moja kwa wiki inatosha. Ila ukizifanya ndizo mazoezi yako yote, unaufundisha mwili kwenda polepole kwa muda mrefu, na barafuni hakuna anayekuomba hivyo.

Ninachofanya sasa ni ngazi. Naishi kwenye ghorofa tano zisizo na lifti, neema ambayo niliilalamikia miaka mingi. Napanda kwa kasi yangu yote kwa sekunde 40, nashuka nikitembea, nasubiri hadi dakika mbili ziishe, naanza tena. Nilianza na mara nne nikadhani nitatapika. Sasa nafanya nane, siku mbili kwa wiki. Kama mtaa wenu hauna ghorofa tafuta kilima. Jambo moja usilifanyie mchezo: pumzika dakika mbili zote. Wengi hupunguza mapumziko wakidhani ndiyo ushujaa, kisha raundi ya tatu wanapanda kama mzee aliyebeba gunia, na hapo kasi haifundishwi tena, kinachofundishwa ni uchovu.

Sasa la pili, ambalo ndilo lililoniumiza kwa maana halisi ya neno.

Mkimbiaji anasukuma ardhi nyuma yake. Anayeteleza anasukuma pembeni, mguu unatoka nje kwa mshazari, halafu unarudishwa chini ya mwili. Kazi ya kuurudisha, na ya kuuzuia usiende mbali kupita kiasi, inafanywa na misuli ya ndani ya paja, ile inayopanda hadi kinenani. Miaka yangu yote ya mbio haikuwa imeigusa kwa namna hiyo. Msimu wangu wa pili, nikigeuka kukimbilia paki (kile kisahani cha mpira mgumu tunachokipiga) kwenye kona, nilisikia kitu kikivutika kinenani kama uzi wa shati. Nikaendelea kucheza. Ndiyo, najua.

Mkufunzi mmoja wa jimu akaniambia dawa ni kunyoosha: nikae chini, nipanue miguu, nisukume magoti, kila asubuhi na jioni. Nilinyoosha kwa bidii ya mtu aliyelipa ada. Wiki tano baadaye nilikuwa nashuka matatu kwa kuushika mguu wa suruali na kuunyanyua kwa mkono. Hatimaye nikaenda kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, mama mtulivu aliyenilaza chali, akaweka mpira katikati ya magoti yangu akasema, “Bana.” Nikabana. Akaniuliza, “Umeanza?”

Misuli ile haikuwa imekaza, ilikuwa dhaifu. Baadaye nilikuja kusoma kwamba jambo hili linajulikana kwa wacheza hoki. Utafiti uliofanywa kwa wachezaji wa NHL na kuchapishwa 2001 ulionyesha kwamba mchezaji ambaye nguvu za misuli yake ya ndani ya paja hazifiki asilimia 80 ya zile za nje, uwezekano wake wa kuumia hapo ni mara 17 zaidi. Kunyooka kwa misuli hiyo hakukutofautisha waliokuja kuumia na waliobaki wazima. Nilipoisoma nilimfikiria yule mkufunzi, nikanyamaza.

Kwa hiyo kama utachukua zoezi moja tu kutoka kwangu, chukua hili. Lala ubavu kando ya kiti imara au kochi, egemea kiwiko. Mguu wa juu uweke juu ya kiti, wa chini uache chini ya kiti. Sasa unyanyue mwili wote kwa kuukandamiza ule mguu wa juu kwenye kiti, mpaka mwili unyooke, kisha shuka polepole. Anza na goti likiwa ndilo lililo juu ya kiti, si kifundo cha mguu. Likiwa goti uzito unapungua sana. Mara sita kila upande, raundi mbili, siku mbili au tatu kwa wiki. Kesho yake utatembea kama umepanda punda. Hiyo ni kawaida. Maumivu makali ya sehemu moja, hasa karibu na mfupa, si kawaida, na hapo unaacha na kutafuta daktari badala ya ushauri wa mtandaoni, wangu ukiwemo.

Baada ya hapo ndipo ufikirie kuruka pembeni: simama mguu mmoja, ruka upande hadi mguu wa pili, tua, tulia, hesabu mbili, rudi. Kule kutulia ndiko kwenye faida. Anayeruka kama chura bila kusimama anatoa jasho tu. Barafuni karibu muda wote umesimama mguu mmoja, na ukiwa huwezi kusimama mguu mmoja sebuleni kwako bila kuyumba, upanga mwembamba wa chuma ulio chini ya kiatu hautakuonea huruma.

Kwa nguvu za jumla sina jimu na siidai. Nina jerikeni la lita 20, ambalo likijaa ni kilo 20 na ushei. Mguu mmoja mbele, wa nyuma umewekwa kwenye kiti, jerikeni mkononi, nachuchumaa hadi goti la nyuma likaribie sakafu. Mara nane kila mguu, raundi tatu. Siku za maji kukatika mtaani jerikeni linabebwa kwa sababu nyingine, na hiyo nayo naihesabu.

Halafu kuna sakafu ya mama. Nyumbani kwetu kijijini sakafu ni ya saruji iliyopakwa polishi nyekundu, ile ambayo mgeni akiingia na soksi anaweza kuvunjika nyonga. Wachezaji wa barafuni, wa mbio na wa hoki, wana ubao maalumu laini wa kuteleza kushoto na kulia wakiwa na soksi. Wanasukuma ukingo mmoja, wanateleza hadi wa pili. Mimi nilisukuma ukuta, nikateleza kama mita mbili, nikapokewa na kochi. Krismasi nzima nilifanya hivyo, magoti yamekunjwa, kifua juu, sekunde 30 kwa 30. Sijawahi kupata zoezi lililokaribia zaidi hisia ya barafu. Mama alisema kama nataka kung'arisha sakafu kuna kitambaa.

Kwa mliotokea kwenye viatu vya magurudumu kama mimi, maana mbali na mbio niliteleza pia kwenye lami, kuna deni moja la kulipa: kusimama. Gurudumu linang'ang'ania lami, kwa hiyo tulizoea kuburuta mguu mmoja nyuma au kugeuka mduara. Barafuni unazungusha nyonga ghafla, vyuma vyote viwili vinakaa kikingamo na kuikwangua barafu hadi unasimama. Akili inaelewa, mwili unakataa kwa sababu unakumbuka lami. Nilichofanya ni kuruka papo hapo na kugeuza nyonga na miguu robo mduara huku mabega yakibaki yanatazama mbele, nikitua magoti yamekunjwa. Mara kumi kulia, ishirini kushoto, kwa kuwa kushoto ndiko nilikokuwa gogo. Kila mtu ana upande wake wa gogo na kila mtu huukwepa.

Mikono ndiyo rahisi kuliko vyote na ndiyo watu hawaifanyi. Paki ina uzito wa gramu 160 hivi; sakafuni haitelezi vizuri, kwa hiyo tumia mpira wa gofu kwenye kigae, au mpira wa tenisi kama huna mwingine. Dakika kumi kila jioni, gongo la hoki mkononi, mpira kushoto kulia, mbele nyuma, macho kwenye taarifa ya habari. Macho kwenye runinga ndilo zoezi lenyewe. Ukiangalia chini umejifunza kuangalia chini. Crosby alikulia Cole Harbour, Nova Scotia, akipiga paki chini ya nyumba yao, na kikaushio cha nguo cha wazazi wake kilichopondekapondeka kwa makosa yake sasa kimewekwa kwenye jumba la kumbukumbu za michezo huko Halifax. Yule alikuwa na barafu ya kutosha, na bado alipiga chini ya nyumba.

Nilimtembelea dada yangu Calgary 2023 na nikapata kucheza mara moja kwenye uwanja kamili na watu wazima wa kawaida, mafundi na madereva. Niligundua kwamba uwanja mdogo ulikuwa umenifundisha kugeuka na kusimama vizuri, lakini sikuwa na hatua ndefu. Wao walisukuma mara tatu wakawa kwingine. Mimi nilisukuma mara saba. Tangu hapo, nikivaa magurudumu Jumapili asubuhi, barabara zikiwa tupu, nafanya kitu kimoja: kuhesabu misukumo kati ya nguzo mbili za taa na kujaribu kuipunguza. Kingine nilichokiona kule ni kabla ya mechi: watu wazima wako ukumbini nje ya vyumba vya kubadilishia nguo, wamesimama mduara wanapigiana mpira wa miguu usidondoke. Hivyo ndivyo wanavyopasha mwili. Hapo angalau sikuwa mgeni.

Ratiba? Usifanye kosa langu la kubeba jerikeni Jumamosi na kuingia barafuni Jumapili. Miguu mizito ifanye siku mbili kabla. Siku ya kabla ya barafu nafanya mikono tu, nakula ugali na maharage mapema, nalala. Maji kunywa hata kama hausikii kiu. Baridi inadanganya, chini ya zile pedi unalowa chapachapa.

Ah, na kuhusu mpira wa gofu kwenye kigae saa tatu usiku: jirani wa chini alipanda kubisha mlango siku ya nne, akiwa na mtoto mgongoni. Kwa hiyo nilihamia juu ya paa, katikati ya kamba za nguo, na kipande cha kigae nilichoomba kwa fundi. Kama na wewe unakaa ghorofani, tandika blanketi kuukuu chini ya kigae kwanza. Halafu mwambie keateka, yule mtunzaji wa jengo, mapema, kabla hajasikia kutoka kwa watu wengine kwamba kuna mtu huku juu usiku na gongo.