Mtoto anayetema mchicha

Dada, umeuliza ufanyeje na mwanao wa miaka 4 anayetema mchicha. Usimlazimishe, atazidi kuuchukia. Hapa Malindi wangu alikuwa hivyo hivyo, hasa kwa mboga ya majani iitwayo mchunga, na simlaumu, ule ni mchungu kweli. Nilianza na boga la nazi kwa kuwa lina utamu, kisha mchicha, nikaukatakata mdogo mdogo na kuupika kwa tui zito. Tui si la ladha tu: mafuta yake husaidia mwili kufyonza virutubishi vya mboga vinavyogeuka kuwa vitamini A. Weka kijiko kimoja kando ya wali na samaki, nawe ule mbele yake. Huenda akahitaji kuonja mara 10 au zaidi ndipo akubali. Na nenda naye sokoni achague fungu lake mwenyewe, wangu alianzia hapo.