Wale wazee wawili kwenye kesi yako ya shamba

Dada wa Pongwe, nimekusoma vizuri: kesi ya shamba la marehemu baba yako iko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, Tanga, na una hofu kwa kuwa pembeni ya mwenyekiti wameketi wazee wawili wasio wanasheria, mmoja mwalimu mstaafu. Hao ni wazee wa baraza. Si mahakimu. Sheria inataka wasipungue wawili.

Kazi yao ni kumpa mwenyekiti maoni kabla hajaandika hukumu. Anaweza kuyakataa, ila lazima aeleze sababu. Hapo kwenye maoni ndipo ukodoe macho: yawe ya maandishi, Kiswahili kinaruhusiwa, na yasomwe mbele yenu, wewe na mpinzani wako. Kwenye kesi ya mjomba wangu hayakusomwa. Rufaa ikafuta kila kitu, tukaanza upya, na mashahidi wawili walikuwa wameshafariki. Iliniuma mno.

Basi nunua daftari. Kila siku ya kesi andika tarehe na nani aliketi. Mzee akibadilishwa katikati, simama kwa adabu: "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba iingie kwenye kumbukumbu." Kama mmoja ni ndugu wa mpinzani wako, liseme mapema, usingoje hukumu. Wala usimfuate mtu nyumbani na kikapu cha samaki. Hiyo ni rushwa.

Ukishindwa, rufaa Mahakama Kuu ni ndani ya siku 45. Hapo usijitegemee mwenyewe, tafuta wakili, au kituo cha msaada wa kisheria kama mfuko hauruhusu.