Kabini ya watu wanne, na sisi tuko watano

SWALI: Shikamoo shangazi. Tunaishi Houston, mimi, mume wangu na watoto watatu, mkubwa ana miaka 9, anayefuata 5, mdogo miezi 10. Tunataka kwenda kruzi, yaani safari ya matembezi kwa meli, ya siku 7 kutoka bandari ya Galveston. Kabini (chumba cha melini) ya watu watano bei imenishinda, nikawaza nichukue ya wanne huyu mdogo alale na mimi, si ananyonya bado? Na humo ndani kukoje, maana kwenye picha naona pakubwa tu. – Mama Watatu

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo la kumbeba mdogo juu juu lisahau kabisa, kwenye meli mtoto hata wa miezi 10 anahesabiwa mtu kamili, maana idadi ya watu inaendana na nafasi za boti za kuokolea, kabini ikiandikwa wanne ni wanne basi. Ulizia kabini mbili zenye mlango wa katikati, au moja ya ndani isiyo na dirisha na nyingine ng'ambo ya korido, mara nyingi bei yake haipishani sana na hiyo moja kubwa. Wewe na baba watoto mtaandikwa kila mmoja chumba chake, lakini ni mbili zenu, mtajipanga wenyewe.

Sasa ukubwa. Kabini ya ndani kwenye meli nyingi ni kama mita za mraba 14 mpaka 17, choo humo humo, yaani ukitoa bafu na kabati unabaki na kile chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi unachokijua. Picha zinapigwa mchana vitanda vya juu vikiwa vimefichwa darini! Sisi mara ya kwanza tuliingia wanne, jioni mhudumu akaja akavishusha viwili na ngazi yake akaisimamisha, nikabaki nimesimama mlangoni na taulo mkononi sijui nipite wapi. Usiku nikienda chooni napita kiubavu ubavu. Kwa hiyo ukibuku omba mchoro wa chumba vitanda vikiwa vimeshushwa, na uulize kitanda cha tatu ni cha juu au ni sofa, kwa sababu kampuni nyingi haziruhusu mtoto chini ya miaka 6 kulala juu, huyo wako wa 5 anahitaji sofa. Kitanda cha mdogo cha kukunja wanatoa bure ila uombe mapema kabla ya safari, na ujue kinakula sakafu yote iliyobaki.

Bafu mara nyingi ni la kusimama, beseni la kuogea mtoto hamna, beba lile la kujaza upepo. Meli za Disney vyumba vyao vingi vina bafu mbili na beseni, raha sana kwa wenye watoto, ila bei nayo iko juu.

Kuta ni za chuma, nunua ndoano za sumaku uning'inize nguo za kuogelea na kofia, hizo zilituokoa. Masanduku yanaingia uvunguni. Pasi, birika la umeme na ekstensheni za kuzuia umeme mkubwa usibebe, watazichukua mpaka siku ya kushuka. Kabini ya ndani ukizima taa ni giza totoro hata saa nne asubuhi, beba kataa kadogo ka betri watoto wasiogope.

Ukipata yenye balkoni komeo huwa liko juu, lifunge kila saa na kiti kisikae karibu na reli hata kidogo, hapo sitanii. Kama mnatapika kwenye gari chagua katikati ya meli, deki (ghorofa) za chini, na usikubali chumba kilicho chini ya bwawa, alfajiri wanaburuta viti kichwani kwako.

Halafu pampasi, dawa na nguo za kubadili weka kwenye begi la mkononi, masanduku mnayaacha bandarini na yanaweza kuwafikia mlangoni jioni.